Uvimbe wa pafu unaofanana na saratani: jinsi ya kumtafuta mdudu kabla ya kuita kisu

Ripoti ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha kifua kipande kwa kipande) imerudi: uvimbe wa sentimita 4 kwenye pafu la kulia, kingo zenye miiba, tezi za limfu zimevimba katikati ya kifua, saratani inashukiwa sana. Mgonjwa ana miaka 58, alivuta sigara, amepungua kilo 8 katika miezi mitatu, na asubuhi anatema makohozi yenye michirizi ya damu. Kila anayeiona picha ile ameshatoa hukumu moyoni, na mara nyingi hukumu hiyo huwa sahihi. Mwongozo huu unahusu zile mara nyingine.

Nimeuandika kwa daktari au tabibu aliyekaa mbele ya mgonjwa wa namna hiyo, ingawa hata mgonjwa mwenyewe au nduguye anaweza kuusoma akapata maswali ya kuuliza. Uchunguzi huu huharibika kwa jambo dogo kuliko watu wanavyodhani: kinyama, yaani kipande kidogo cha tishu, kilichopatikana kwa shida kutoka ndani ya kifua kinatumbukizwa chote kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, na kuanzia dakika ile hakuna mdudu anayeweza kuoteshwa tena. Hatua zilizo hapa chini zinaelekea kwenye chombo hicho cha sampuli, ili utakapokishika mkononi uwe unajua unamtafuta nani.

Hatua ya 1: Jua kama una muda

Anayekohoa damu nyingi, anayehema kwa taabu, aliyevimba uso na shingo, au aliyeanza kuchanganyikiwa au kupata degedege hana muda wa uchunguzi wa taratibu. Imarisha hali yake kwanza. Wengine wote wana siku kadhaa, na uvimbe uliokua kwa miezi hauharibikiwi na wiki moja ya kufikiri.

Hatua ya 2: Uliza maswali ambayo fomu haiulizi

Hapa ndipo maambukizi adimu hunaswa, nami ningependa utumie muda mrefu hapa kuliko mahali pengine popote. Dalili zenyewe hazitakusaidia sana. Kikohozi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda na damu kwenye makohozi ni mali ya kifua kikuu, ni mali ya saratani, na ni mali ya karibu kila ugonjwa nitakaoutaja. Kinachotofautisha ni maisha ya mtu.

Anza na mdomo. Mwambie apanue, umulike meno. Huenda akashangaa, maana alikuja kwa kifua, lakini aktinomaikosisi ya mapafu husababishwa na bakteria wa jamii ya Actinomyces ambao makazi yao ya kawaida ni mdomoni, kwenye meno yaliyooza na fizi zenye usaha. Wanaingia pafuni pale mtu anapopaliwa na mate yake mwenyewe: mlevi aliyelala fofofo, mwenye kifafa, aliyepooza koo baada ya kiharusi. Bakteria huyu hukua polepole, haheshimu mipaka ya ogani, na akishajenga uvimbe wake ndani ya makovu magumu hata daktari wa upasuaji anaweza kuushika kwa mkono akaapa kwamba ni saratani. Uliza pia kama mgonjwa aliwahi kupaliwa na kitu kigumu, kipande cha mfupa au mbegu. Kitu kama hicho kikikwama kwenye bomba la hewa, Actinomyces hukizunguka na kufanya kinundu kinachoziba njia.

Kisha uliza alichokula. Kaa wa mtoni au kamba wa maji baridi walioliwa wabichi, wa kuchovya kwenye siki, au wasioiva sawasawa hubeba minyoo bapa ya Paragonimus. Spishi iitwayo Paragonimus westermani hupatikana Asia, na Afrika Magharibi na Kati zipo nyingine, kama vile Paragonimus africanus. Mnyoo hutoboa utumbo, hupita kwenye kiwambo, huingia pafuni na kujijengea kifuko. Mgonjwa hutema makohozi ya rangi ya kutu kwa miezi au miaka huku akionekana si mgonjwa kihivyo, na mara nyingi ameshamaliza dozi ya TB bila mafanikio. Sentensi hiyo moja, "nilitumia dawa za TB zote na bado natema damu", ikufanye uulize habari za kaa.

Uliza wanyama. Aliyeishi na mbwa wanaokula matumbo ya kondoo au mbuzi waliochinjwa yuko kwenye hatari ya uvimbe-maji wa Echinococcus, mnyoo wa jamii ya tegu, ambao ukipasuka na kuingiwa na usaha hugeuka kuwa kitu chenye sura ya uvimbe mgumu. Farasi na mifugo mingine wanahusishwa na Rhodococcus equi, bakteria anayetoboa matundu kwenye mapafu ya watu wenye upungufu wa kinga. Hata minyoo ya moyo ya mbwa, Dirofilaria immitis, inayoenezwa na mbu, huweza kufia kwenye mshipa mdogo wa pafu la binadamu na kuacha kinundu cha mviringo mithili ya sarafu.

Uliza vumbi na vinyesi. Je, aliingia kwenye pango la popo, alibomoa banda la zamani la kuku, alisafisha dari lenye kinyesi cha popo au njiwa? Fangasi aitwaye Histoplasma capsulatum hukaa kwenye udongo uliorutubishwa na kinyesi cha ndege na popo. Fangasi mwingine, Cryptococcus neoformans, anajulikana kwa kinyesi cha njiwa, na nduguye Cryptococcus gattii kwa miti, mikaratusi ikiwemo, naye ana tabia ya kujenga vinundu vikubwa hata kwa mtu mwenye kinga nzima. Aliyefanya kazi kwenye tope na mashamba ya mpunga, hasa Asia ya Kusini-Mashariki au kaskazini mwa Australia, na ana kisukari, mfikirie Burkholderia pseudomallei, bakteria wa udongoni anayeleta ugonjwa uitwao melioidosisi.

Uliza alikowahi kuishi, na usiishie kwenye mwaka jana. Baadhi ya vimelea hivi hulala mwilini miaka mingi. Vumbi la jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani lina fangasi aitwaye Coccidioides. Maeneo ya mito na maziwa makuu ya Amerika Kaskazini yana fangasi mwingine, Blastomyces. Mtu aliyekaa huko miaka ishirini iliyopita hatalitaja hilo mwenyewe kwa sababu haoni uhusiano wowote na kikohozi cha leo.

Mwisho, uliza kinga. VVU, kisukari, kiungo kilichopandikizwa, tibakemikali, na hasa vidonge vya prednisoloni alivyopewa kwa ajili ya pumu, viungo au ngozi. Nocardia, bakteria wa kwenye udongo, hupenda watu wanaotumia steroidi, yaani dawa za kundi la prednisoloni. Kuna swali moja dogo la kumalizia: je, kuna antibiotiki aliyotumia akapata nafuu ya wiki mbili au tatu, kisha hali ikarudi pale pale? Saratani peke yake haipati nafuu kwa amoksisilini. Ila kuwa mwangalifu, maana nimonia iliyojificha nyuma ya saratani hupata, na tutarudi kwenye mtego huo.

Hatua ya 3: Itazame picha mwenyewe, na ya zamani pia

Usisome ripoti tu. Kaa na mtaalamu wa radiolojia, mpe historia uliyoikusanya, muangalie pamoja. Msoma picha aliyeandikiwa "kikohozi, miaka 58, mvutaji" ataandika saratani. Yuleyule akiambiwa kuhusu meno yaliyooza au kaa wabichi ataona vitu vingine katika picha ileile.

Tafuta picha ya zamani, hata eksirei ya kawaida ya kuombea kazi au viza. Mwendo wa kukua husema mengi. Saratani nyingi za mapafu zenye kinundu kigumu huongezeka ujazo maradufu kati ya mwezi mmoja hivi na siku 400. Ujazo kuwa maradufu si kipenyo kuwa maradufu: kinundu cha milimita 10 kinapofika milimita 12.6 tu, ujazo wake umeshakuwa mara mbili. Kilichokuwa maradufu ndani ya wiki mbili kinaelekea zaidi kwenye maambukizi, na kinundu kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kwa kawaida hakina shari.

Halafu tazama alama hizi, ukijua kwamba hakuna hata moja inayotoa hukumu peke yake:

- Uvimbe unaovuka mpaka kati ya sehemu moja ya pafu na nyingine, unaingia kwenye ukuta wa kifua, na mbavu zilizo karibu zimeota tabaka jipya la mfupa lenye mawimbi: aktinomaikosisi. Ukuta wa kifua ukitoboka na kutoa usaha wenye punje za njano, nusu ya kazi imekwisha.
- Tundu lenye mpira ndani na mwezi mwembamba wa hewa juu yake: mpira wa Aspergillus. Mlaze mgonjwa kifudifudi upige tena. Mpira wa fangasi mara nyingi hubingirika, uvimbe wa saratani haubingiriki.
- Chokaa iliyokaa katikati kabisa, au kwa matabaka kama kitunguu: kovu la zamani la histoplasmosisi au TB. Chokaa ya vitone iliyokaa upande mmoja haimwondoi mtu kwenye saratani.
- Kifuko cha maji chenye utando unaoelea juu kama jani la yungiyungi: Echinococcus iliyopasuka. Piga ultrasauti ya ini siku hiyohiyo.
- Njia nyembamba kama handaki kutoka kwenye utando wa pafu hadi kwenye kinundu: njia aliyopita Paragonimus.
- Kinundu kilichozungukwa na ukungu, au ukungu uliozungukwa na pete nzito, kwa mtu asiye na kinga: fangasi wanaovamia mishipa, yaani Aspergillus na jamii ya Mucor.

Kingo zenye miiba, ambazo huogopesha kila mtu, ni kovu linalovuta tishu ya jirani. Saratani hufanya hivyo, na uvimbe wa muda mrefu wa maambukizi hufanya hivyohivyo.

Neno kuhusu PET, kwa kuwa watu huipa heshima isiyostahili. Mashine ile huonyesha mahali sukari yenye mionzi inapotumika kwa wingi. Seli za saratani hula sukari, lakini seli za kinga zilizo vitani nazo hula. Granuloma (kifundo cha seli za kinga) hai ya TB, histoplasmosisi au kriptokokosisi hung'aa kama taa. PET ina kazi nzuri ya kukuonyesha mahali pa kuchoma sindano, na kama kuna doa jingine jepesi kufikika, kwa mfano tezi ya shingo. Lakini kumwambia mgonjwa "imewaka, kwa hiyo ni saratani" ni kosa. Alama za saratani za kwenye damu, kama CEA na CA 125, nazo huweza kupanda kwenye maambukizi. Sioni sababu ya kuziagiza hapa.

Hatua ya 4: Vipimo vyepesi kabla ya sindano

TB ndiyo mwigaji mkuu wa saratani ya mapafu, nayo si adimu. Ianze yenyewe. Makohozi kwa GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya TB, hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi pamoja na habari za usugu kwa rifampisini, na sampuli nyingine iende kuoteshwa. Jibu hasi halimalizi shauri: kinundu cha TB kilichojifunga pembeni mwa pafu, mbali na bomba la hewa, hakitoi bakteria kwenye makohozi.

Makohozi hayohayo yatazamwe mabichi, bila rangi, chini ya hadubini. Mayai ya Paragonimus ni makubwa, ya kahawia yenye kung'aa kama dhahabu, na upande mmoja yana kifuniko. Aliyezoea kutafuta bakteria wa TB kwa lenzi kubwa kabisa anaweza kuyapita bila kuyaona, kwa hiyo mwambie mtaalamu wa maabara unachotafuta. Wengi humeza makohozi badala ya kuyatema, ndiyo maana mayai hupatikana pia kwenye choo.

Agiza picha kamili ya damu na usome mstari wa eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu), ambao macho huupita. Eosinofili nyingi zinakuelekeza kwa minyoo. Pima VVU na sukari kwa kila mgonjwa, hata yule unayedhani unamjua.

Antijeni (chembe za mdudu mwenyewe) ya Cryptococcus kwenye damu ni kipimo chepesi na cha haraka. Ikiwa chanya, na mgonjwa ana upungufu wa kinga, mfanyie kipimo cha maji ya uti wa mgongo hata kama kichwa hakimuumi. Ikiwa hasi kwa mtu mwenye kinga nzuri na kinundu kimoja tu, bado haijamwondoa Cryptococcus. Antijeni ya Histoplasma kwenye mkojo husaidia zaidi pale ugonjwa ulipoenea mwilini, nayo hugongana na ile ya Blastomyces, yaani kipimo kimoja kinaweza kuwa chanya kwa sababu ya fangasi mwingine. Kingamwili za IgG dhidi ya Aspergillus ni msaada mkubwa kwa mwenye matundu ya zamani ya TB. Kingamwili za Echinococcus huwa hafifu zaidi uvimbe-maji unapokuwa kwenye pafu kuliko kwenye ini, kwa hiyo jibu hasi lisikupe ujasiri wa kuchoma sindano.

Usijisumbue kuotesha makohozi kwa ajili ya Actinomyces. Anaishi mdomoni mwa kila mtu, kumpata kwenye mate hakuna maana yoyote.

Hatua ya 5: Zuia dawa zisitangulie

Mgonjwa akiwa ametulia, usimpe antibiotiki ya "kujaribu" wakati biopsi, yaani kuchukua kinyama cha kupima, imepangwa wiki hii. Dozi chache tu za penisilini zinatosha kumzuia Actinomyces asiote, na dawa za jamii ya levofloksasini hupunguza makali ya TB kiasi cha kuchelewesha jibu lake kwa majuma. Kama ameshaanza dawa na hali inaruhusu, zungumza na wenzako kuhusu kuzisimamisha siku kadhaa kabla ya kuchukua sampuli. Kama hairuhusu, endelea, ila andika kwenye fomu jina la dawa na siku alizotumia.

Steroidi ni marufuku mpaka ithibitike kwamba hakuna maambukizi. Humfanya mgonjwa ajisikie vizuri kwa siku chache huku fangasi akifunguliwa mlango.

Hatua ya 6: Sindano, na vyombo viwili

Kabla ya yote, jiulize tena kuhusu Echinococcus. Kifuko cha maji kinachoshukiwa hivyo hakichomwi kwa pupa. Maji yake yakimwagika yanaweza kuleta mzio wa kutisha, na kusambaza mbegu za ugonjwa kifuani. Mgonjwa huyo ni wa daktari wa upasuaji wa kifua, pamoja na mpango wa albendazoli, dawa ya minyoo.

Wengine wote, chagua mahali pepesi na salama kuliko pote. Tezi ya shingo iliyovimba, jipu la ukuta wa kifua au kidonda cha ngozi hutangulia pafu. Nocardia, Cryptococcus, Blastomyces na ile histoplasmosisi ya Afrika iitwayo duboisii huweza kujitokeza kwenye ngozi, kwa hiyo mvue mgonjwa nguo umkague mwili mzima. Uvimbe wa katikati hufuatwa kwa bronkoskopi (kamera inayoingizwa kwenye bomba la hewa), tezi za katikati ya kifua kwa bronkoskopi yenye ultrasauti, na uvimbe wa pembeni kwa sindano inayoongozwa na CT. Hatari ya kawaida ya sindano hiyo ni hewa kuvuja nje ya pafu. Mweleze mgonjwa kabla, na piga eksirei baada ya saa chache.

Omba sindano inayokata kinyama kizima, si ile nyembamba inayovuta seli pekee. Seli chache zinaweza kuthibitisha saratani, lakini ili mtu akuambie kwa uhakika kwamba hii ni granuloma anahitaji kuona mpangilio wa tishu. Vipande vichukuliwe kutoka zaidi ya sehemu moja: kwenye ukuta wa uvimbe, ambako seli hai za saratani hukaa, na kwenye kina chake chenye usaha au tishu iliyokufa, ambako wadudu wengi hupatikana.

Sasa vyombo. Cha kwanza ni formalini, kwa ajili ya patholojia, yaani kuitazama tishu kwa hadubini. Cha pili ni kisafi kisicho na vijidudu, chenye matone machache tu ya maji ya chumvi ya dripu ili kinyama kisikauke. Hicho cha pili kinakwenda kuoteshwa: bakteria wa kawaida, bakteria wasiopenda hewa, TB na jamaa zake, na fangasi. Kipeleke maabara kwa mkono, papo hapo, maana bakteria wasiopenda hewa hufa chomboni wakisubiri mhudumu amalize zamu. Kipande kwenye chombo ni bora mara nyingi kuliko pamba iliyopakwa usaha. Ukiweza kupata vipande vinne, viwili viende huku na viwili kule. Ukipata kimoja, kikate.

Mimi huandaa chombo cha pili na kuandika jina la mgonjwa kabla hajaingia chumbani. Sindano ikishatoka, kila mtu anashughulika na mgonjwa, na mkono ulio karibu hutumbukiza kila kitu kwenye formalini kwa mazoea.

Fomu nayo ina kazi yake. Maneno "uvimbe wa pafu, saratani?" humletea mtaalamu wa patholojia swali moja na jibu moja. Andika: "Saratani au maambukizi sugu. Meno mabovu, anapaliwa mara kwa mara. Naomba rangi za Gram, Ziehl-Neelsen, Ziehl-Neelsen yenye asidi hafifu, Grocott na PAS." Kila rangi ina mtu wake. Nyuzi nyembamba zenye matawi ambazo ni chanya kwa Gram zinaweza kuwa Actinomyces au Nocardia. Rangi yenye asidi hafifu ndiyo huwatenganisha, kwa kuwa Nocardia huishika na Actinomyces haishiki. Grocott hupaka fangasi weusi. Musikamini, rangi nyingine unayoweza kuiomba, hupaka wekundu koti la Cryptococcus.

Kwa maabara ya kuotesha, piga simu. Waambie wazitunze sahani za kuoteshea muda mrefu: wiki mbili hadi tatu kwa Actinomyces na Nocardia, wiki nne hadi sita kwa fangasi, na wiki sita hadi nane kwa TB kutegemea aina ya chakula cha kuoteshea. Ukishuku jamii ya Mucor, waombe wakikatekate kinyama badala ya kukisaga, maana kusaga huua nyuzi zake. Na ukishuku Coccidioides au Burkholderia pseudomallei, simu hiyo ni lazima kwa usalama wao. Vimelea hivyo vimewahi kuwaambukiza wafanyakazi wa maabara waliofungua sahani bila tahadhari. Simu ina faida nyingine pia: Rhodococcus hufanana na bakteria wa ngozi, na Burkholderia huchukuliwa kuwa Pseudomonas wa kawaida, kisha wote wawili hutupwa kama uchafu wa sampuli. Asiyeambiwa atawatupa.

Hatua ya 7: Soma jibu kwa jicho la shaka

Jibu la saratani lenye seli bayana ni jibu, ingawa hata hapo kuna tahadhari moja: seli za ngozi ya ndani ya bomba la hewa zikikaa karibu na mpira wa fangasi au tishu iliyovimba kwa maambukizi makali huweza kubadilika sura zikafanana na saratani, hasa zinaposomwa kutoka kwenye makohozi tu. Kama picha nzima haikai sawa, omba jicho la pili.

Jibu linalosumbua ni hili: "uvimbe sugu usio maalumu, hakuna seli za saratani," yaani tishu imevimba kwa muda mrefu na haionyeshi sababu. Wengi husikia "hakuna saratani" na kumruhusu mgonjwa aende. Maneno hayo yanamaanisha kwamba sindano haikuleta jibu. Huenda ilipita pembeni mwa saratani, ikachota tishu iliyokasirika jirani yake. Rudia, mahali pengine au kwa njia nyingine, hadi kwenye upasuaji wa kamera ikibidi.

Granuloma bila mdudu aliyeonekana si TB mpaka ithibitishwe. Orodha yake ni ndefu: fangasi, jamaa za TB wa kwenye mazingira, sarkoidosisi (ugonjwa wa granuloma usio na chanzo kinachojulikana), ugonjwa wa kuvimba kwa kuta za mishipa ya damu, hata tezi zilizo jirani na saratani. Hapo rudi kwenye chombo cha pili usubiri kuota. Kama chombo hicho hakikuwepo, bado kuna njia ya nusu: kipande kilichohifadhiwa kwenye nta kinaweza kukatwa tena, kupakwa rangi zilizosahaulika, au kupelekwa PCR ya kutafuta vinasaba vya bakteria na fangasi. Jibu linaweza kupatikana, lakini hutajua dawa ipi inamuua mdudu huyo.

Nocardia akipatikana pafuni, piga MRI au CT ya ubongo hata kama mgonjwa haumwi kichwa, kwani hupenda kutengeneza majipu huko. Na doa la ubongo pamoja na uvimbe wa pafu ndiyo picha inayowafanya watu waandike "saratani iliyosambaa" na kuacha kutafuta.

Kuna majibu yanayokuja baada ya kisu, na hakuna wa kulaumiwa. Kinundu cha Dirofilaria kwa kawaida hugunduliwa pale mtaalamu wa patholojia anapokikata na kumkuta mnyoo mfu ndani ya mshipa. Mgonjwa huyo ameshapona kwa upasuaji wenyewe.

Hatua ya 8: Tibu, kisha piga picha tena

Kila ugonjwa una dawa yake na muda wake, na muda huo ni mrefu kuliko mgonjwa anavyotarajia. Utaratibu uliozoeleka wa aktinomaikosisi ni penisilini ya mshipa, uniti milioni 18 hadi 24 kwa siku kwa wiki mbili hadi sita, kisha vidonge kwa miezi 6 hadi 12. Nocardia huhitaji kotrimoksazoli kwa miezi mingi, peke yake au pamoja na dawa nyingine. Kinundu cha Cryptococcus kisichofika kwenye ubongo hutibiwa kwa flukonazoli kwa miezi 6 hadi 12. Paragonimus ndiye anayefurahisha: prazikwanteli miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito, mara tatu kwa siku, siku mbili, na kikohozi cha miaka kinaanza kuondoka.

Panga CT ya marudio baada ya wiki nne hadi nane. Uvimbe wa aktinomaikosisi unapaswa kuwa umeanza kusinyaa waziwazi kufikia hapo. Kinundu cha TB huenda taratibu, na wakati mwingine huvimba zaidi mwanzoni kabla ya kupungua, kwa hiyo usikimbilie kubadilisha dawa kama mgonjwa mwenyewe anaongezeka uzito na homa imekata.

Na huu ndio ule mtego nilioutaja. Saratani inayoziba bomba la hewa hufuga nimonia nyuma yake. Antibiotiki huondoa nimonia, kivuli hupungua nusu, homa hukata, mgonjwa na daktari hupeana mikono. Nusu iliyobaki ndiyo saratani. Magonjwa haya mawili pia huweza kukaa pamoja: Aspergillus ndani ya tundu la saratani, saratani ikiota kwenye kovu la TB, Actinomyces juu ya uvimbe unaooza. Kwa hiyo kumpata mdudu hakumalizi kazi mpaka picha ithibitishe. Kivuli kikipungua kisha kikasimama, fanya bronkoskopi ukatazame bomba linaloelekea pale. Kikiacha uzi mwembamba wa kovu, linganisha na picha ya miezi mitatu baadaye, kisha ya miezi sita. Uzi usiobadilika katika picha hizo mbili uache, na picha zote zihifadhiwe kwenye faili la mgonjwa, ili atakayempiga eksirei miaka kumi ijayo awe na cha kulinganisha.